Mkondo wa maji kwenye tangi la matumbawe: lita kwa saa pekee hazitoshi

MwanaChongoleani (#1)

Wakuu, habari za jukwaa.

Nimetafuta mada hii kwa Kiswahili sikuipata, kwa hiyo naianzisha mwenyewe. Matumbawe yangu mawili yako mahututi, na yote mawili yangepona kama mtu angenieleza mapema jambo moja tu: namna maji yanavyotembea ndani ya tangi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza. Tangi langu la maji chumvi lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50, yaani lita 300 likiwa tupu. Ukiondoa mawe na mchanga inabaki kama lita 250. Chini kuna sampu (tangi dogo la kuchujia maji) na skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa mapovu). Matumbawe yangu yote ni vipande vilivyokatwa kwenye matangi ya wafugaji wenzangu. Hakuna hata kimoja kilichotoka baharini.

Vipimo viko sawa kwa miezi mingi: chumvi 35 kwa elfu, joto nyuzi 25 hadi 26, alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia asidi) 8.5 dKH, kalsiamu 420, nitrati kati ya 5 na 10, fosfeti 0.05 (hizi tatu ni miligramu kwa lita). Taa sina wasiwasi nayo.

Upande wa mkondo nilifuata kanuni ambayo kila mmoja hapa ameisikia. Matumbawe laini yanataka maji yazunguke mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa, yale ya polipu kubwa (polipu ni vile vinywa vyenye minyiri vinavyounda tumbawe) mara 20 hadi 40, na yale ya polipu ndogo kama Acropora mara 40 kwenda juu. Nikanunua pampu mbili za mkondo, kila moja imeandikwa lita 8,000 kwa saa. Jumla 16,000, gawa kwa 250, unapata mara 64. Nikalala usingizi mnono.

Kilichofuata ni hiki. Euphyllia, tumbawe la polipu kubwa, niliyoiweka kulia, kama sentimita 20 kutoka kwenye mdomo wa pampu, minyiri yake ililala upande mmoja kutwa kucha kama majani ya mnazi wakati wa kusi. Baada ya wiki tatu nyama ikaanza kuchanika kwenye ukingo wa kiunzi, mfupa mweupe ukaonekana. Wakati huohuo Acropora iliyokuwa nyuma ya jiwe kubwa, upande wa kushoto, ilianza kufa kutokea chini kupanda juu, taratibu, kama milimita mbili kwa siku. Kwenye kona hiyohiyo mchanga ukafunikwa na utando mwekundu wa sianobakteria. Nikiunyonya Jumamosi, Jumatano umerudi.

Nilidhani ni maradhi. Nikabadilisha maji mara mbili kwa wiki, nikapunguza chakula, nikabadilisha chumvi. Hakuna kilichosaidia. Siku moja nikasimama na bomba dogo la kulishia, nikatoa chembe za chakula kwenye kona ile ya kushoto. Zilishuka moja kwa moja hadi chini zikatulia. Maji yalikuwa yamesimama kabisa! Ndani ya tangi lenye mkondo wa "mara 64", tumbawe moja lilikuwa linachapwa na jingine linakosa pumzi, na kati yao ni chini ya mita moja.

Ndipo nikaelewa kwamba ile namba ya kwenye boksi inakuambia maji mangapi yanapita kwenye mdomo wa pampu. Haikuambii yanakwenda wapi, wala kwa kasi gani yakimfikia mnyama. Fanyeni hesabu hii. Pampu yenye mdomo wa duara wa sentimita 2 ikitoa lita 3,000 kwa saa, maji yanatoka kwa kasi ya takriban mita 2.6 kwa sekunde. Pitisha lita hizohizo kwenye mdomo wa sentimita 6, kasi inashuka hadi kama sentimita 30 kwa sekunde. Lita ni zilezile, lakini moja ni mpira wa kuoshea gari na nyingine ni mkondo wa bahari.

Maswali yangu kwenu:

Kwenye tangi lenye matumbawe mchanganyiko, pampu mnaziweka wapi na mnazielekeza wapi?

Usiku mnapunguza au mnaacha?

Na mnajuaje kwamba kila tumbawe linapata kiasi chake?

Kunduchi_Mtaa (#2)

Uzi mzuri sana mkuu. Mimi sina tangi la chumvi bado ila ndoto ipo. Nimeweka kambi hapa, wataalamu waje.

Muskati_Bahari (#3)

Assalaam alaykum wote. Ndugu yangu MwanaChongoleani, pole kwa hasara. Mie nipo Maskati, nafuga matumbawe mwaka wa kumi na moja huu, na kosa lako nimelifanya mie mwenyewe mara mbili.

Kabla ya kugusa pampu, tazama mawe. Wengi tunayapanga kama ukuta, yameegemea kioo cha nyuma. Ukuta huo ndio unaokuulia Acropora. Maji yakigonga ukuta yanarudi mbele, nyuma yake panabaki pamekufa, na kila kinyesi cha samaki kinakwenda kujikusanya hapo. Vuta mawe yote mbele, acha uwazi wa sentimita 7 hadi 10 baina yake na kioo. Kisha yavunje: badala ya ukuta mmoja fanya visiwa viwili au vitatu, vyenye mapango na njia za kupita maji chini. Mie nilipofanya hivyo sikununua pampu mpya, na sianobakteria ilikwenda zake ndani ya mwezi.

Sasa pampu. Usielekeze pampu kwenye tumbawe. Daima elekeza kwenye kitu kingine: kioo cha mbele, uso wa maji, au mkondo wa pampu ya pili. Unataka maji yafike kwenye tumbawe yakiwa yameshavunjika, yanakuja mara huku mara kule. Maji yanayokuja kwa mshale mmoja, upande mmoja, siku nzima, hayapendwi na mnyama yeyote, hata Acropora inayotaka nguvu. Upande unaopigwa unachubuka na upande wa nyuma unakosa.

Mpango wangu ni huu. Pampu moja kila upande mfupi wa tangi, juu, kama sentimita 10 chini ya uso wa maji, zote zimeinamishwa kidogo kuelekea kioo cha mbele. Hazifanyi kazi kwa nguvu sawa wakati mmoja. Ya kushoto ikipanda, ya kulia inashuka. Ikifanya kazi moja peke yake, maji yanatembea juu hadi mwisho wa tangi, yanashuka, yanarudi kwa chini, tangi zima linakuwa gurudumu moja. Gurudumu hilo likishapata mwendo linabeba maji mengi kuliko yanayopita kwenye pampu yenyewe, kwa sababu maji yote ya tangi yamo safarini. Ndiyo maana pampu mbili za wastani zilizopangwa vizuri huzishinda nne kubwa zinazopigana ovyo.

Ile pampu ya kurudisha maji kutoka sampu usiihesabu kwenye mkondo. Kazi yake ni kupeleka maji kwenye skima na hita. Mara 3 hadi 5 ya ujazo kwa saa inatosha, na kumbuka ikipandisha maji mita moja na nusu haitoi tena ile namba ya kwenye boksi.

BiMkubwa_Chole (#4)

Hodi jukwaani. Mimi si mfugaji wa tangi. Nimezaliwa Mafia, baba alikuwa mvuvi, na nimefanya kazi na wapiga mbizi miaka mingi. Naomba niseme kidogo kuhusu mahali matumbawe haya yanapotoka, maana nikisoma hapa naona mnachokitafuta mwamba unakifanya kila siku.

Kwetu hakuna mkondo mmoja. Kuna maji kujaa na maji kupwa, mara mbili kwa siku, kila moja ikichukua kama saa sita na kidogo. Kwenye mlango wa Kinasi, pale maji yanapoingia na kutoka ghuba ya Chole, mpiga mbizi akikosea saa anachukuliwa. Kisha maji yanasimama, kimya, kama nusu saa hivi, halafu yanageuka na kukimbia upande wa pili. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu na mkondo unakuwa mkali. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari inapumzika. Juu ya hayo kuna kusi na kaskazi, na maleleji katikati yake. Tumbawe halijawahi kuishi siku mbili zenye maji ya namna moja.

Halafu kila moja lina mtaa wake. Yale manene na magumu, yenye matawi mafupi, utayakuta nje, ukingoni, wimbi linapovunjika. Yale yenye minyiri mirefu laini, kama hiyo Euphyllia yako mwanangu, utayakuta penye kivuli cha mwamba au ndani ya ghuba, ambako maji yanayumba tu. Na yale yaliyo bapa kama kipepeo cha kupepelea jiko husimama kukingama na mkondo, uso wake umeukabili, ili yakamate chakula kinachopita. Ukiyaona yameelekea wapi unajua maji yanatoka wapi hata siku ambayo mkondo umelala.

Usimweke mtu wa ghubani ukingoni ukamlaumu kwamba ni mgonjwa.

MwanaChongoleani (#5)

Shikamoo Bi Mkubwa. Sentensi yako ya mwisho nimeiandika kwenye karatasi nimeibandika pembeni ya tangi. Hili la saa sita limenifungua macho. Kidhibiti cha pampu zangu kina ratiba ya saa 24 na sijawahi kuigusa.

Muskati, asante sana ndugu yangu. Kesho navunja ukuta.

BiMkubwa_Chole (#6)

Marahaba mwanangu.

Mpenda_Sayansi_ZNZ (#7)

Habari za jioni. Nilisomea sayansi ya bahari, naomba niongezee sababu za ndani kidogo, kwa sababu ukijua *kwa nini*, hutahitaji kukariri namba.

Tumbawe halina mapafu wala matamvua. Kila kinachoingia na kutoka mwilini mwake, oksijeni, kaboni, virutubisho, uchafu, kinapita kwenye ngozi. Juu ya ngozi hiyo kuna tabaka jembamba sana la maji ambalo limeshikamana nayo na haliendi na mkondo. Ndani ya tabaka hilo vitu husafiri kwa kujipenyeza tu, polepole. Maji yakisimama, tabaka linanenepa na tumbawe linabaki limezungukwa na taka zake. Maji yakienda kasi, tabaka linakuwa jembamba na kila kitu kinapita upesi. Hiyo ndiyo kazi kuu ya mkondo. Kufagia uchafu ni ya pili.

Watu wengi wanafikiri shida ya maji yaliyosimama ni ukosefu wa oksijeni. Usiku ni kweli. Mchana mara nyingi ni kinyume chake! Mwani wadogo wanaoishi ndani ya nyama ya tumbawe wanatengeneza oksijeni nyingi kwenye mwanga, na isipopata njia ya kutoka inawazuia kazi yao na kuchoma tishu. Mwaka 2010 watafiti wa Israeli walionyesha kwamba mkondo huongeza usanisinuru wa matumbawe kwa sababu hasa unasaidia oksijeni *kutoka*. Kwa mfugaji maana yake ni hii: ukiongeza nguvu ya taa bila kuongeza mkondo unaweza kuliumiza tumbawe.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto na matumbawe kupauka kuanzia kwetu huku Bahari ya Hindi magharibi hadi Japani, watafiti Nakamura na van Woesik walifuatilia kwa nini huko Okinawa baadhi yalinusurika. Kwenye majaribio yao waliyochapisha 2001, Acropora za aina moja zilizowekwa kwenye joto kubwa na mkondo hafifu zilikufa zaidi, na zile zenye mkondo mkali zilistahimili vizuri. Joto lilikuwa lilelile, na mwanga pia. Kwa hiyo kiangazi kikikuta hita imekwama na joto limepanda, pamoja na kupoza maji, ongeza mkondo.

Tumbawe lenyewe nalo halikai bure. Limefunikwa na vinyweleo vidogo sana vinavyopigapiga, na mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli na chuo cha MIT cha Marekani walionyesha kwamba vinyweleo hivyo vinazungusha maji kwa vizingia vidogo juu ya ngozi. Linajaribu kujisaidia pale mkondo unapokosa. Ila lina kikomo.

Jambo la mwisho. Tumbawe linalokua linabadilisha mkondo wake lenyewe. Kipande cha vidole vitatu kikiwa kichaka cha ukubwa wa ndoo, maji hayafiki tena katikati yake, na nyama ya ndani inaanza kufa ilhali ncha za nje zinang'aa. Wafugaji wanaita maradhi, kumbe ni kichaka kimejizibia. Mkondo uliotosha mwaka jana hautoshi mwaka huu, kwa pampu zilezile.

Simba_wa_Doha (#8)

Naheshimu maelezo yote ila mimi nina mtazamo tofauti. Tangi langu ni Acropora tupu, lita 400, na nimejaza pampu. Sipangi wala sihesabu. Nguvu nyingi, kila mahali, basi. Zinakua vizuri. Nadhani watu wanalifanya jambo jepesi kuwa gumu.

Muskati_Bahari (#9)

Ndugu yangu Simba, kwako ni sahihi kwa sababu una mtaa mmoja tu, wote ni watu wa ukingoni. Mwenye uzi ana Euphyllia, Zoanthus (polipu laini zisizo na kiunzi) na Acropora nyumba moja. Akifanya ulivyofanya wewe, nusu ya tangi inachanika. Swali moja: mchanga unao?

Simba_wa_Doha (#10)

Sina. Chini ni kioo kitupu.

Muskati_Bahari (#11)

Basi ndiyo maana. Mwenye mchanga wa chembe za chini ya milimita moja hawezi nguvu hiyo. Mchanga utapaa, utamwagikia matumbawe, na Fungia (tumbawe lisiloshika jiwe) aliyelala chini atazikwa mzima. Wa milimita 2 hivi unatulia zaidi.

Simba_wa_Doha (#12)

Hapo nimekuelewa. Sikufikiria upande wa mchanga.

KilindiniWetu (#13)

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nafuga samaki wa maji chumvi tu, matumbawe sina. Nataka kuuliza na kuchangia kwa pamoja.

Swali: wapo watu hapa mtaani wanasema si lazima kununua, bahari iko pale, vunja kipande uweke tangini. Mnasemaje?

Mchango: stima. Ninyi wa Ulaya pampu zenu hazizimi. Hapa zikizima saa nne usiku unaamka kukuta samaki wako juu wanatweta. Niliwahi kupoteza samaki sita usiku mmoja. Tangu siku hiyo nina betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, na pampu moja ya mkondo ya umeme wa DC ambayo naweza kuishusha hadi wati 8. Betri hiyo ina kama saa-wati 1,200, ila ukitaka iishi usitumie zaidi ya nusu. Nusu ni 600, gawa kwa 8, unapata saa 75 kwenye karatasi. Toa umeme unaopotea kwenye kibadilisha volti, bado una siku mbili kamili. Nimeielekeza pampu hiyo juu, uso wa maji ucheze, kwa sababu hapo ndipo hewa inapoingia. Hita, taa na skima viache vizime, hivyo vinaweza kusubiri. Anayenunua pampu ya volti 24 asiiunge kwenye betri mbili moja kwa moja, kwani betri zikiwa zinachajiwa volti zinapita 27. Weka kirekebishi cha volti katikati, na fyuzi.

Mpenda_Sayansi_ZNZ (#14)

KilindiniWetu, swali lako kwanza, na nalijibu kwa uzito wote: usivunje. Kuchuma matumbawe hai baharini ni kosa kisheria Kenya na Tanzania, na matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), hata kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Kuna sababu kubwa kuliko sheria. Tumbawe ulilolivunja dakika moja limechukua miaka kufika hapo, na miamba yetu bado ina makovu ya 1998. Anayetaka kuyaona yakiwa hai aende hifadhi za bahari za Chumbe, Kisite au Watamu, avae miwani aangalie.

Kuhusu umeme nakuunga mkono. Maji ya chumvi ya nyuzi 26 yakishiba hewa yana kama miligramu 6.7 tu za oksijeni kwa lita, pungufu kuliko maji baridi ya kisima. Tangi lenye samaki wengi linaimaliza haraka, na usiku hakuna mwani wa kuirudisha.

Hapo nijibu na swali la mwenye uzi kuhusu kupunguza mkondo usiku. Punguza kidogo ukitaka, samaki wengine hulala vizuri zaidi, na matumbawe mengi hutoa polipu usiku kukamata chakula. Lakini usizime, na usiache uso wa maji utulie. Usiku ndipo kila kiumbe ndani ya tangi anavuta oksijeni na hakuna anayeitoa.

KilindiniWetu (#15)

Asante dada, nimekupata. Nitawafikishia hao jamaa.

Fundi_wa_Ndoo (#16)

Kwa wasio na hela ya pampu za kisasa: ipo njia ya zamani inayofanya kazi vizuri mno, ya kumwaga maji kwa mkupuo. Bruce Carlson wa Waikiki Aquarium kule Hawaii ndiye aliyeipa umaarufu. Unaweka pipa au ndoo kubwa juu ya tangi. Pampu ndogo inaijaza taratibu. Ndani kuna bomba lililopinda kama mkono wa birika. Maji yakipita kilele cha bomba yanajivuta yenyewe na ndoo yote inamwagika tangini kwa sekunde chache. Kisha inaanza kujaa upya. Kwa tumbawe ni wimbi kamili: linakuja, linapita, linarudi.

Nimejenga moja ya lita 25 kwa mabomba ya PVC. Tahadhari tatu tu. Tangi au sampu iwe na nafasi ya kupokea lita zote hizo bila kufurika. Mwisho wa bomba uzame majini la sivyo mapovu yanakuwa mengi. Na ndoo ifungwe kwa uthabiti hasa, lita 25 ni kilo 25 na zaidi juu ya kichwa cha mtoto anayepita.

Asha_Reading (#17)

Naomba kuuliza. Zoanthus zangu zimefunga wiki ya pili. Hazipigwi na pampu, maji yanapita vizuri nikiangalia. Sarcophyton (tumbawe laini) nayo imenyauka, ina utando kama nta juu. Je, ni mkondo?

Muskati_Bahari (#18)

Dada Asha, Sarcophyton usiogope, inajivua. Hufanya hivyo mara kwa mara, inafunga siku kadhaa, inatoa utando ule ili kuondoa mwani na uchafu uliokaa juu yake. Inachotaka wakati huo ni mkondo zaidi ili utando uchukuliwe. Ukikaa muda mrefu nyama ya chini inaoza. Isogeze penye nguvu kidogo au ipulizie kwa bomba la kulishia mara moja kwa siku.

Zoanthus angalia katikati ya polipu, siyo juu yake. Maji yanaweza kuwa yanapita juu vizuri ilhali chini baina ya shina na shina kumejaa matope. Puliza uone kinachotoka.

Asha_Reading (#19)

Nimepuliza. Limetoka wingu la kahawia, sikuamini. Sarcophyton nimeihamisha.

Mzee_wa_Siki (#20)

Wote mmesahau jambo moja dogo: usafi wa pampu. Pampu ya miezi sita isiyooshwa imeota chokaa na mwani kwenye propela, haitoi tena ilichokuwa inatoa, na wewe unaendelea kuhesabu lita za kwenye boksi. Ifungue kila baada ya miezi miwili au mitatu, loweka kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, saa moja au mbili, sugua kwa mswaki, suuza, rudisha. Niliposafisha zangu mara ya kwanza mchanga uliruka tangi zima. Sasa nikishasafisha naanza na nguvu ndogo kwanza.

MwanaChongoleani (#21)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba. Samahani kwa ukimya, sikutaka kuandika kabla sijaona matokeo ya kweli.

Nilianza na mawe. Ukuta umekuwa visiwa viwili, nyuma kuna uwazi wa sentimita 8, na cha kushoto kina tundu la kupita ngumi. Nilipovuta mawe, uchafu uliotoka nyuma ulijaza ndoo mbili. Miezi yote ile nilikuwa nafukuza nitrati kwa kubadilisha maji kumbe ghala lipo nyuma ya jiwe.

Pampu nimeziweka kama alivyosema Muskati, na ratiba nimeifuata bahari ya Bi Mkubwa. Kwa muda wa saa sita, pampu ya kushoto inaongoza kwa asilimia 65 na ya kulia iko 25. Zinashuka zote hadi 20 kwa nusu saa. Kisha ya kulia inaongoza kwa muda wa saa sita. Usiku ni mpango uleule ila kiongozi anashuka hadi 45. Nguvu kamili sijaitumia hata siku moja, yaani zile lita 16,000 nilizozilipia sijawahi kuzihitaji.

Kupima kasi nimefanya hivi, na ninaipendekeza kwa kila mtu. Nimebandika rula ya sentimita 30 kwenye kioo cha mbele, naachia chembe ya chakula, narekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole, kisha nahesabu imechukua sekunde ngapi kuvuka. Kilele cha kisiwa cha kulia inavuka kwa sekunde moja na kidogo, kama sentimita 25 kwa sekunde. Pale ipo Montipora (nayo ya polipu ndogo) na kipande kipya cha Acropora nilichopewa na rafiki. Chini kushoto ni sentimita 6 hadi 8, hapo nimeihamishia Euphyllia. Kila Jumapili nachukua dakika kumi kupima sehemu tano.

Euphyllia: nyama haijarudi pale mfupa ulipoonekana, lakini kuchanika kumesimama, na wiki iliyopita nimeona vichwa viwili vidogo vinachipua kwenye shingo yake. Minyiri inayumba huku na huku, inatulia, inayumba tena. Nikiitazama nakumbuka maji ya ghuba ya Tanga asubuhi kabla ya upepo.

Acropora ya zamani sikuweza kuiokoa yote. Nilikata ncha tatu zilizokuwa bado na nyama, mbili zimeshika juu ya jiwe na zinatoa polipu hata mchana. Sianobakteria imebaki alama ndogo upande mmoja.

Swali moja limebaki, Bi Mkubwa. Hiyo nusu saa ya maji kusimama, samaki wote wanatoka mapangoni wakati huo na kuzunguka tangi zima. Baharini ni hivyo?

BiMkubwa_Chole (#22)

Ndivyo mwanangu. Baba alikuwa anasubiri saa hiyohiyo kutega. Wakati mkondo umelala, mwamba wote unatoka kula.

Kunduchi_Mtaa (#23)

Nimesoma tangu mwanzo mara tatu. Mkuu MwanaChongoleani, tuwekee picha ya visiwa kwa juu tuone uwazi wa nyuma ulivyo, na uandike upana wa tangi pembeni. Nataka nichore langu kabla sijanunua hata kioo.